Pesa za Mtamba wa Mzee Ombui

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Siku ya sabini na moja tangu nijaze fomu ya kurejeshewa kodi. Pesa hakuna! Mwaka jana nilikatwa kupita kiasi kwa sababu sikupeleka karatasi zangu za bima kwa wakati. (Nilizipeleka. Nilizipeleka Novemba.) Shilingi 41,600. Zangu. Halali.

Hesabu ni rahisi, na mimi ndimi mwalimu wa Biashara. Kiasi hicho ni mtamba mmoja mwenye afya. Mtamba mmoja ndiye aliyebaki kwenye mahari ya Persis, mke wangu. Amebaki miaka kumi na mmoja.

Leo baba mkwe, Mzee Ombui, ametuma ujumbe kutoka Itumbe. Hawezi kuniambia ana kwa ana. Sisi tuna chinsoni, heshima ya wakwe, na mzee hazungumzii deni usoni pa mkwewe. Humwambia Persis, Persis huniambia mimi, na njiani maneno hupata pilipili. Ujumbe ni huu: Jumapili tarehe 21 wageni wanakuja kumposa Gesare, mdogo wake Persis. Mkwe aliyemaliza ng'ombe ataketi sebuleni na wazee. Ambaye hajamaliza atamenya ndizi na wapishi.

Mimi! Mwalimu! Kumenya ndizi!

Persis hakulalamika. Alisema tu kwamba dada zake wote watakuwepo, kisha akaendelea kuchambua mboga zake za chinsaga. Iliniuma. Nampenda mwanamke huyu. Nimemwambia pesa ziko njiani.

Jioni nimekwenda saiba ya Maureen hapa Ekerenyo kuangalia zimefika wapi. Nenosiri nimelisahau. Nimejaribu jina la mwanangu Ian, mwaka wa ndoa, jina la ng'ombe wetu aliyekufa. Mtandao ukanifungia nje. Maureen akatoza hamsini.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwambia mwalimu mkuu nina jino. Si uongo, ninayo thelathini na moja. Nikashuka Kisii mjini, ofisi ya ushuru.

Mpango: kuvaa suti, kubeba faili nene, kuupita mlolongo wote nikinong'ona kwamba nimekuja kwa ukaguzi. Ulikwenda vizuri kwa hatua sita. Bawabu ni mwanafunzi wangu wa zamani. Akanisalimia kwa heshima zote, akanipa nambari 94.

Mhudumu anaitwa Valentine. Msichana mpole, sauti ya chini. Akaomba nambari yangu ya kodi. Nikafungua faili kwa madaha, nikamkabidhi karatasi. Akaisoma. Akasema ni cheti kizuri sana cha ubatizo wa Ian, ila sicho alichotaka. Nikilete kile kingine na atanitazamia, ni kazi ya dakika mbili tu.

Dakika mbili! Mtumishi wa umma! Mimi si mtoto wa jana. Kazi ya dakika mbili ikitajwa ofisini, kuna kitu mtu anangojea. Bawabu amenidokezea kwamba Valentine anaishi Kiogoro. Nimelala usingizi mzuri.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemsindikiza Persis kwenye mazoezi ya kwaya kanisani. Yeye huimba sauti ya pili, tena ndiye katibu. Mimi nilikuwa sijakanyaga mazoezini tangu waniondoe kwenye uweka hazina mwaka jana na kumpa Onyiego. Onyiego huuza misumari na rangi za kupaka. Kuimba kwake ni kama kufungua lango la bati.

Leo Onyiego amesimama akatangaza muujiza. Kwenye akaunti ya kwaya zimeingia pesa, hajui kutoka kwa nani. Hakutaja kiasi. Alisema tu zinatosha sare mpya za watu ishirini na sita, zambarau, zenye utepe wa dhahabu. Watu wakalia Amina. Naye akatazama dari na kutabasamu. Najua tabasamu lile! Ni la mtu aliyetoa mwenyewe na anataka ajulikane bila kusema.

Mfanyabiashara wa misumari anatoa pesa kwa siri na mimi nadai haki yangu siku sabini na nne. Dunia hii!

Persis alinitazama muda mrefu. Labda kola yangu.

Ijumaa, 12 Septemba

Mpango mkubwa umeanza. Nimekata mkungu bora wa ndizi shambani, ule Persis alioutengea soko la Jumatatu. Nimefunga kijikaratasi kwenye shina: jina langu, nambari yangu ya kodi, na maneno "Kutoka kwa rafiki anayejali, kwa unyenyekevu." Nimempa Nyasani wa bodaboda aupeleke Kiogoro kwa Valentine.

Nyasani amedai mia nane. Nimemwambia mkungu wenyewe ni mia tano. Amesema basi niupande mkungu nao unibebe.

Nimelipa. Uwekezaji.

Persis ameuliza mkungu uko wapi. Nimemwambia ngedere. Amesema ngedere wa siku hizi wanatumia panga.

Jumatatu, 15 Septemba

Mkungu umerudi. Wote! Sasa umeanza kuiva. Nyasani amedai mia nane nyingine za kurudi na mia mbili za aibu, kwa kuwa Valentine alimhubiria mlangoni kuhusu maofisa na zawadi mbele ya majirani.

Lakini nyuma ya kijikaratasi alikuwa ameandika kwa mwandiko safi. Mwalimu, hatupokei zawadi. Nimetazama nambari yako. Ulirejeshewa pesa zote tarehe 27 Agosti, akaunti inayoishia 0417. Sabato njema.

Zimelipwa! Tarehe 27 Agosti! Nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Akaunti yangu inaishia 8862. Kuna mwizi! Nikatoa kalamu kuandika malalamiko kwa gavana, kwa mbunge, kwa askofu wa dhehebu ambalo si langu. Nikaandika "akaunti ya wizi 0417". Nikaitazama ile nambari.

Naijua nambari hii. Niliiandika kwa mkono wangu miaka mitatu kwenye daftari la kwaya.

Sasa nimekumbuka yote. Siku ya kwanza niliyojiandikisha kwenye mtandao wa kodi nilikuwa mweka hazina. Akaunti ya kwaya ilikuwa na jina langu. Nikaiweka ile badala ya yangu, maana Persis huisoma simu yangu kuliko anavyoisoma Biblia, na mwanaume huhitaji sehemu ndogo ya kupumulia. Nilijiona mjanja mno. Kisha nikaondolewa cheo, nikasahau.

Muujiza wa Onyiego ni mimi. Mtamba wa Mzee Ombui anashonwa utepe wa dhahabu!

Jumanne, 16 Septemba

Sijamwambia Persis. Ningeanzia wapi?

Nimekwenda dukani kwa Onyiego na hoja ya kiroho. Nimemwambia, kama ndugu katika imani, kwamba pesa isiyo na mwenyewe ni hatari kwa kanisa. Akani wa kwenye Biblia aliangamiza nyumba yake kwa kitu kama hicho. Nikajitolea, kwa gharama yangu, kuzibeba hizo pesa na kuzirudisha zilikotoka.

Onyiego aliguswa. Machozi yalimlenga. Akasema hakujua nina mzigo mkubwa hivi kwa ajili ya kwaya. Kisha akasema kitambaa kilishakatwa tangu Ijumaa. Zimebaki mia sita, nazo wamenunua soda za fundi.

Nimeuliza kama kitambaa kilichokatwa kinaweza kurudishwa dukani. Ameniombea palepale, mkono wake kichwani pangu, mbele ya wateja wawili wa misumari.

Sabato, 20 Septemba

Nitaandika yaliyotokea bila kujitetea.

Kwaya imeingia. Zambarau! Utepe uling'aa hadi watoto wakanyamaza. Persis wangu alikuwa mstari wa mbele, shingo juu, mzuri kuliko siku ya harusi yetu. Waliimba vizuri mno. Hata Onyiego.

Mchungaji akasema mfadhili yumo humu ndani na hataki kujulikana, na thawabu yake ni kubwa. Watu wakageuka kumtazama Onyiego. Onyiego akainamisha kichwa. Taratibu! Kwa unyenyekevu wote! Mzee mmoja akampigapiga bega.

Nilijishika kwenye benchi. Nilijiambia, Abner, nyamaza, pesa zinaweza kupatikana bado, unaweza kuomba mkopo kwa kwaya, unaweza kulia mbele ya kamati. Onyiego akapangusa jicho.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Ni mimi!"

Amina zilitikisa mabati. Nilikumbatiwa na watu hata nisiowapenda. Mchungaji akaniuliza mbele ya wote kama nitawahi kuzijutia pesa hizo. Nikasema kamwe. Ndiyo basi, ng'ombe amekwenda na kamba yake.

Lakini ukweli usemwe: nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto. Onyiego mwenyewe alinishika mikono miwili, akasema alikuwa akiinamisha kichwa kumwombea huyo mtoaji, yeyote yule. Nusura nimwamini.

Kesho ni Itumbe. Sina hata mkia wa ng'ombe.

Jumapili, 21 Septemba

Mpango wa mwisho: barua ya daktari wa mifugo. Nimeiandika alfajiri. Mtamba yupo, ni mzima, ila amewekwa karantini kwa siku tisini. Muhuri nilikuwa na mmoja tu, wa Idara ya Biashara na Michezo. Nikaupiga ukiwa umeinama ili usisomeke.

Tumefika Itumbe saa nne. Jasho. Barua mfukoni. Wapishi walikuwa wamenitengea kisu na kigoda, niliviona.

Na pale langoni alikuwa amesimama mtamba! Kahawia, paji jeupe, macho ya upole. Kando yake Onyiego, ndani ya sare ya zambarau, kamba mkononi. Nyuma yake kwaya nzima.

Onyiego akatangaza kwa sauti kwamba huyu ndiye mtamba wa Mwalimu Abner, na kwamba yeye amesaidia tu kumswaga. Sikuelewa chochote. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyepanga.

Mzee Ombui alimzunguka ng'ombe mara mbili. Kisha, kwa ajili ya chinsoni, akaliambia gogo la mlango, "Mbuya mono, vizuri sana. Mwambieni mkwe aingie, kiti chake kinapoa."

Nimeketi sebuleni! Kiti chenye kitambaa! Kwaya imeimba uani, wageni wa Gesare wakadhani imekodishwa kutoka mjini, wakaongeza heshima na ng'ombe mmoja. Dada zake Persis walimshika utepe mmoja baada ya mwingine. Nimemwona akicheka na mkono kiunoni. Ningelipa mitamba mitatu kuona hivyo. Kama ningekuwa nayo.

Njiani kurudi nikamuuliza Persis, yule ng'ombe ametoka wapi? Akacheka mpaka akakaa kando ya barabara, kwenye majani chai ya watu. Yeye ni katibu. Karatasi ya benki ilimfikia yeye kwanza, mwisho wa Agosti, na jina la mtumaji lilikuwa limeandikwa waziwazi: ofisi ya ushuru. Ni nani mwingine kwaya nzima angeficha kodi yake humo? Alingoja nimwambie. Alingoja wiki tatu. Alimtazama ngedere akija na panga.

Mtamba ni wa Onyiego. Jana baada ya jua kuzama Persis mwenyewe alikwenda kwa Onyiego wakakubaliana: atamlipa kwa bonasi ya chai yake ambayo kiwanda hulipa mwezi ujao, na mimi nitarudi kuimba besi.

Nikamuuliza kwa nini hakunizuia kusimama kanisani. Akajipangusa machozi ya kicheko.

"Baba Ian, pesa uliyonificha mimi, Mungu aliiona. Nikasema acha ashone nayo nguo."

 Nimembebea mkoba hadi nyumbani. Nimemwambia kwamba kuanzia leo hakuna siri, hakuna ujanja, mimi ni mtu mpya. Amesema tutaona.

Jumatatu, 22 Septemba

Mtu mpya ameamka saa kumi na moja.

Jambo dogo ambalo sikulitaja jana, kwa kuwa Persis alikuwa na furaha na sikutaka kumchosha. Pale sebuleni wazee waliniuliza pesa za kwaya zilitoka wapi. Nikaeleza, kwa ufupi, kuhusu kurejeshewa kodi. Jinsi serikali inavyokaa na pesa za watu. Jinsi mtu mwenye maarifa anavyozitoa. Nilikuwa kwenye kiti chenye kitambaa, maneno yalikuja yenyewe.

Wazee saba wamenipa majina na mia mbili za fomu kila mmoja. Leo nimepita kwa Maureen na vitambulisho vyote. Wa kwanza, Mzee Thadeus, amenipigia simu kuniuliza kama ni tatizo kwamba hajawahi kulipa kodi ya mapato maishani mwake. Nimewauliza na wale wengine sita. Hakuna hata mmoja.

Nimewaambia wasiwe na wasiwasi. Hiyo ndiyo faida yetu: hakuna rekodi ya mtu kubishana nayo. Nimeahidi pesa kabla ya Desemba.

Mzee Ombui, wa saba kwenye orodha, ameshapanda juu ya nyumba kupima mabati mapya atakayonunua.