Ombi la Kuwa Mkimbizi Jumanne na Alhamisi

Makere, Kasulu
14 Septemba 2015

Ndugu Mratibu wa Ngoma na Michezo Kambini,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kazi inaendelea. Mimi ni Faudhia binti Isihaka, niliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Mama yangu anauza dagaa soko la kambi. Naandika kwa sababu kwenye mkutano wenu wa wiki iliyopita nilinyoosha mkono ili nieleze haya, lakini nilipopewa nafasi nikaomba kwenda chooni.

Kambi ya Nyarugusu sasa ni mji mkubwa kuliko Kasulu, na hali ya wacheza ngoma wake inasikitisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Shirika lenu hufadhili ngoma yenye ujumbe wa afya tu. Vijana wa Kirundi wanaruka na ngoma zao wakiwa wamejifunika chandarua, na wawili wameshagongana. Kikundi cha Mzee Kalunga kilipangiwa ujumbe wa choo, kikakataa kwa heshima ya wazee wao, na sasa hakina ufadhili, kinapiga madumu. Kikundi cha Mama Eugénie kilipewa kunawa mikono. Walipocheza kwenye harusi, wageni waliinuka kutafuta maji wakidhani chakula kimeiva.

2. Hata hivyo hao wana mfadhili. Sisi wa Makere tuna ngoma moja yenye kiraka, na fulana za uchaguzi uliopita kutoka vyama tofauti. Tukipanga mstari, watu hudhani tumekuja kufanya mdahalo.

3. Mimi nilijifunza ngoma ya kunawa nikiwa nyuma ya meza ya dagaa. Rafiki yangu Sophie, ambaye ni wa kikundi cha Mama Eugénie, akanivuta nisimame mstarini pembeni yake. Ndugu Mratibu, hapo ndipo mahali pekee ninapoweza kusimama mbele za watu bila kutaka kujificha. Mwalimu wao, Josué, alinitazama akasema, "Weye unacheza muzuri. Sasa karte ya ukimbizi iko wapi?" Sina. Afisa wenu alipokuja kuhesabu wachezaji aliniuliza nilikimbia lini. Nikajibu, "Bado." Nikatolewa.

4. Uamuzi ule haukuwa wa haki kwangu. Baba anasema, "Sisi tumekimbia njaa miaka yote, kosa letu hatukuvuka mpaka." Bati letu linavuja kuliko hema. Chandarua tunachotumia tumekinunua kambini kwenu.

Kwa hiyo naomba kuwa mkimbizi siku za Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi na moja jioni, ambao ndio muda wa mazoezi. Sitadai mgawo wa unga. Nitakuja kwa miguu, na kila jioni nitarejea nchini kwangu kwa hiari, bila kuwasumbua kwa usafiri. Kama ni lazima niwe nimekimbia vurugu, mikutano ya kampeni iko jirani na kwetu kila siku. Naweza pia kuchukua ujumbe wowote uliokosa mtu, hata ule wa choo.

Nisalimie wafanyakazi wenzako wote, yule afisa aliyenihesabu pamoja nao, maana alinitoa kwa upole. Mama naye anakusalimu na anasema dagaa wa wiki hii ni wazuri.

Mimi wako katika ngoma,
Faudhia Isihaka

Baada ya kutia sahihi: Nimempa Sophie asome barua hii kabla ya kuifunga. Alicheka mpaka pale pa kurejea nyumbani kwa hiari kila jioni, kisha akaishusha barua. Akaniuliza, "Sasa wewe ukiwa mkimbizi, nafasi yako ya Utanzania nani anaikalia siku hizo?" Sikuwa nimelifikiria. Yeye alizaliwa humo kambini. Kasulu anaijua kwa jina lililoandikwa ubavuni mwa basi, na kibali cha kutoka ameomba mara nyingi bila kupewa. Angependa kwenda sokoni, ageuke, arudi, bila mtu kumuuliza chochote. Basi naomba ombi langu mliweke kando. Kama kuna nafasi ya kubadilisha mtu mmoja tu, anzeni na yeye, na Kasulu nitampeleka mimi.