Waziri Malloy na Koleo la Soseji

Jumapili, 8 Machi
Mvua kutwa. Noelene, mke wangu, karudi na kisanduku cha diski kutoka duka la mitumba la kanisa. Nikakitambua kwa mbali. Korido ya Kijani! Tamthilia ya siasa za Canberra, mji mkuu wetu, tuliyoitazama miaka ishirini iliyopita mpaka sofa likabonyea. Waziri Malloy, suti ya kijivu, jicho moja limesinzia, maadui kawazika kabla ya chai. Kipindi cha mwisho sikukiona, kriketi ilichelewa kuisha. Haidhuru. Mtu kama yule ataishia wapi kama si kiti cha waziri mkuu?
Noelene anasema safari hii anamwona mpumbavu mwenye tai nzuri. Noelene haelewi uongozi. Anaiongoza nyumba hii tu.

Jumanne, 10 Machi
Diski ya pili imekwisha. Elimu iliyonikimbia shuleni imenikuta sebuleni.
Jumamosi ni uchaguzi wa jimbo, na hapa Wirrabulla uchaguzi ni kibanda cha soseji mlangoni mwa shule tunapopigia kura. Mbunge watu humsahau. Mshika koleo la kugeuzia soseji hawamsahau. Bi Merle Tranter amelishika tangu wanangu wakivaa kaptura za shule, na mimi hunipa vitunguu nikate. Mimi, niliyefika Singapore mara mbili.
Nimedai koleo lipigiwe kura kwenye kamati ya kibanda. Merle akanitazama kama soseji iliyoanguka mchangani. “Haya, Des mwanangu,” akasema, “ukitaka aibu hatukunyimi.”

Jumatano, 11 Machi
Mbinu ya Malloy: simamisha mgombea bandia. Atamega kura za adui, na akitolewa, kura zake zinahamia kwako. Sisi huku hatuweki tiki, tunaandika namba: moja kwa umpendaye, mbili kwa anayefuata, tatu kwa usiyetaka hata kumwona. Wa mwisho akitolewa, karatasi zake wanapewa walioandikiwa mbili. Kwa wajinga ni kizunguzungu. Kwa bingwa ni mlo.
Bandia wangu ni shemeji Kev, kaka yake Noelene. Mpole, hana adui, na nyama hali. Nani atampa koleo mtu asiyekula soseji? Aliniuliza kama kweli sitakasirika. Nikamwambia, shemeji, wewe ni ngazi tu. Akashukuru.
Noelene kanishauri nimalize kwanza diski ya mwisho. Nikamjibu mwisho naujua.

Alhamisi, 12 Machi
Kumbe Kev anapendwa. Hilo sikulipanga.
Kamati ilipopiga kura, Merle akaongoza, Kev akafuata, mimi nikashika mkia kwa kura mbili: yangu, na ya mzee Athol aliyedhani tunachagua mkata vitunguu. Nikatolewa. Karatasi zetu zote mbili zilikuwa na Kev namba mbili, maana Athol nilimfundisha mwenyewe, na mimi kumpa Merle mbili? Bora nile mkaa. Kev akampita Merle kwa kura moja.
Kwa hiyo Merle nimemwangusha mimi. Hakuna aliyenipongeza.
Noelene, naye mjumbe wa kamati, alimpa kaka yake namba moja. Nikamuuliza usaliti gani huu. “Si ulisema kila kitu umekipanga, mume wangu? Nikaona kura yangu ya nini.”

Jumamosi, 14 Machi
Kev alishika koleo kama kashika mkia wa nyoka. Soseji nje mkaa, ndani barafu. Foleni ikafika kituo cha mafuta, wapiga kura wakaanza kuondoka na njaa. Merle alikuwa katikati ya foleni, kakumbatia mkoba, kama mtu baki.
Roho ikaniuma. Mimi si jiwe. Nikamnong'oneza Kev amrudishie. Kidogo anibusu. Merle akafunga aproni, akageuza safu nzima bila kutazama, kisha akanisukumia gunia la vitunguu kwa mguu.
Nililia mpaka vituo vikafungwa. Ni vitunguu.

Jumapili, 15 Machi
Nimetazama diski ya mwisho. Malloy anaangushwa na bandia wake mwenyewe, karani mpole asiyegusa hata bia. Noelene hakuwa akitazama televisheni. Alikuwa akinitazama mimi. Akauliza kama kuna nililojifunza.
Sana. Kosa la Malloy liko wazi: alisimamisha bandia mmoja. Uchaguzi ujao nasimamisha wawili. Kev yupo tayari, na wa pili nimempata bila hata kubembeleza.
Noelene. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.