Nilivyomlilia bwana harusi kwa saksafoni

Jamani, leo uso wangu sijui niuweke wapi.

Mnajua mimi ndiye kiongozi wa bendi yetu ya jazi hapa Kamembe. Ndiye mtunzi, ndiye mpiga saksafoni, na ndiye mbeba spika (msicheke mapema). Leo tuliitwa kupiga kwenye gusaba huko Gihundwe, ile sherehe ya upande wa mume kuja kumwomba binti. Upande wa mume ulitoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwetu nilikozaliwa. Mimi gusaba sijawahi kuiona hata moja. Nikasema, muziki ni muziki tu.

Kufika, kumbe msemaji wa upande wa binti ni baba yake Neema! Neema ndiye ninayetaka kumwoa. Baba yake hanitaki, anasema wanamuziki si watu wa kutegemewa. Basi leo nilitaka aone kwamba kazi naijua. Nilikuwa nimetunga wimbo mpya kabisa wa kumwingiza bibi harusi. Suti nimeipiga pasi mpaka mikono inauma.

Mzee wa Bukavu akasimama, akamwomba binti kwa heshima zote. Baba Neema akakunja uso.

"Hapa hakuna binti. Tulisha kumupatia muntu mwingine. Murudie kwenu!"

Weee! Nikamtazama bwana harusi, kainamisha kichwa, mabega yanatetemeka. (Nimeambiwa baadaye alikuwa anazuia kicheko.) Watu wavuke mpaka na makreti yao ya fanta, halafu wafukuzwe hivi? Roho iliniuma kweli.

Nikasimama. Nikapiga ule wimbo wangu mpya, lakini polepole, kama wa msibani. Mpiga ngoma wangu, mzaliwa wa hapa, akawa ananivuta koti: "Chef, acha! Chef!" (Chef ni mimi, mkubwa wa bendi.) Nikadhani uchungu umemzidi na yeye. Nikapiga mpaka machozi yakanitoka, kisha nikanyakua maikrofoni.

"Papa, mumuhurumie huyu kijana! Anapenda binti yenu kweli kweli!"

Maman mmoja akapiga kelele ya kicheko, na ukumbi mzima ukamfuata. Bwana harusi alikuwa anajifuta macho kwa tai.

"Chef," mpiga ngoma akaninong'oneza, "ni muchezo. Kwenye gusaba banakatala kwanza, kisha banatoa."

Kumbe kule kukataa ni desturi tu! Ardhi haikupasuka, ingawa niliiomba. Baba Neema akainua mkono: "Basi, kama hata muziki inalia, mulete binti!"

Bibi harusi akaingia. Na wimbo wake nimeshaumaliza kwa msiba! Aliingia kwa ngoma peke yake, maskini, mimi nimejificha nyuma ya spika.

Wakati wa kufunga vyombo, Baba Neema akanijia.

"Kijana. Siku utakuja kuomba Neema, nitakatala."

"Ndiyo, Papa."

"Usilie."

Akaondoka. Sasa nimekaa hapa najiuliza: hiyo ni ya mchezo, au ni ya kweli? Anayejua anijibu, lakini kwanza amalize kucheka.