Njiwa wa Mama na Ada ya Makao ya Wazee

Jumatatu, 4 Machi
Mama amehamia makao ya wazee, hapa mjini Deinze. Nyonga ilivunjika, ngazi za nyumbani haziwezi tena. Chumba kizuri, supu moto. Ada inatisha, pensheni yake inaishia katikati ya mwezi. Dada yangu Lutgart kasema nyumba ya Mama iuzwe. Nikamkumbusha kwamba mimi ninaishi humo. Akajibu kwamba watu wa miaka hamsini na mbili hupanga vyumba vyao kila siku na hawafi.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata dawa. Mama anafuga darini njiwa wa mashindano, wale wanaoachiwa mbali washindane kurudi nyumbani, na mmoja wao, Bruna, ameshinda mbio za kutoka Ufaransa mara mbili. Njiwa wa namna hiyo huuzwa kwa bei ya gari. Nikamgusia Mama kwa mbali, kama anayeulizia mvua. "Wannes mwanangu," akasema, "uza meno yangu kwanza, ndipo umguse Bruna."
Naona bado anafikiria.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemuuza Bruna kwa Firmin mwoka mikate, hasimu wa Mama kwenye chama cha njiwa tangu zamani. Alilipa taslimu, hakuomba hata kupunguziwa. Nimempelekea Lutgart ada ya miezi mitatu. Alinitazama kama aliyemwona paka akisoma gazeti.

Jumamosi, 9 Machi
Bruna amerudi. Mke wa Firmin aliacha mlango wa banda wazi, na njiwa akaja moja kwa moja nyumbani. Yuko darini anadonoa mahindi. Nikawaza: kitu kinachorudi chenyewe si kinauzika tena? Kumbe Firmin hakuja kwangu. Kaenda kwa Mama, na keki mkononi.

Jumapili, 10 Machi
Nimeitwa kwa Mama makaoni. Nikawakuta watatu wanakula keki: Mama, Firmin na Lutgart. Mimi sikukatiwa.
"Umemuuza kwa nusu bei," Mama akasema. "Hata kuiba, Wannes, hujui?"
Nikajitetea kwamba nilitaka kumwokolea nyumba. Akanishika mkono. Akasema nyumba ile kwake sasa ni ngazi tu. "Lakini ni yangu. Njiwa ni wangu. Mmekimbizana wiki nzima, na hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini."
Hata Lutgart aliinamia sahani yake.
Basi kaamua mwenyewe. Firmin ananunua nyumba, na fedha alizotoa kwa Bruna zitahesabiwa humo. Njiwa watabaki darini na kushindana kwa jina la Mama. Hauzwi hata mmoja. Mimi nitakaa chumba cha nyuma bila kodi, mradi nifagie kinyesi kila asubuhi. Firmin alicheka mpaka akapaliwa.

Jumanne, 12 Machi
Nimefagia. Mgongo unauma, heshima inauma zaidi. Bruna ametaga mayai mawili.
Nimeyakumbuka maneno ya Mama yote, moja baada ya jingine. Njiwa hauzwi. Kuhusu mayai hakusema lolote.
Nimempigia simu bwana mmoja wa Gent, mfuga njiwa. Anakuja kesho.