Picha ya Kipimajoto

Jumapili, 5 Februari

Asubuhi nyuzi tatu. Ndani! Nje sikupima, ya nini kujitia uchungu. Naandika nimevaa glavu, ndiyo maana mwandiko umekuwa wa kuku. Shajara hii nilipewa bure na muuza mafuta ya taa kwa kuwa mteja mwema. Na kweli mimi ni mwema: madumu saba yamejaa hapo mlangoni, sijagusa hata moja. Ni ya Nagi.

Nagi ni binti yangu. Leo ana siku themanini na saba, nami nimemwona mara mbili. Mke wangu Chizuru alikwenda kujifungulia kwa wazazi wake, mji wa Noshiro, kama wake wengi wa hapa wafanyavyo. Ilikuwa arudi baada ya mwezi. Mwezi ukapita, mwaka mpya ukapita. Sasa anasema atarudi nyumba ikiwa na joto. Mimi nasema nitawasha hita akirudi. Hapo ndipo tulipokwama. Lakini mtu mmoja hapashiwi nyumba nzima! Akiba haiozi, na mtoto atayahitaji mafuta hayo.

Mchana maktaba ya manispaa, kuota joto lao. Kiti cha karibu na hita kimekaliwa tena na Bi Tamie, mjane wa miaka sabini na saba anayeishi chini yangu. Nikasimama kando yake, nikakohoa. Akanipa peremende. Niliila, lakini hakuhama. Tena nyumbani kwake hawashi hita, nimesikiliza sakafuni. Joto hupanda juu, hata mtoto wa shule anajua. Angewasha, miguu yangu ingepata vuguvugu la bure. Uchoyo gani huu?

Jumatatu, 6 Februari

Simu ya video na Noshiro. Nagi alikuwa amelala, nimeonyeshwa sikio moja. Sikio zuri.

Chizuru akauliza mbona natoa moshi mdomoni. Nikasema nakunywa chai ya moto. Mama mkwe, Bi Fusae, akachomoza uso pembeni ya skrini na kuuliza kama chai hiyo nainywea puani, maana na huko moshi unatoka. Chizuru hakucheka. Akatoa sharti: kila asubuhi nimtumie picha ya kipimajoto cha sebuleni, mpaka tarehe kumi na nane. Hiyo ndiyo siku ya mia ya mtoto, siku ya kumlisha kwa mara ya kwanza, kwa kujifanya tu. Kipimajoto kikisoma ishirini kila siku, atakuja na mtoto tarehe hiyo, na watabaki.

Watabaki! Nilizunguka sebule mara sita. Halafu nikatulia, nikafikiri. Anachotaka ni picha, na picha haili mafuta.

Jumanne, 7 Februari

Kipimajoto kwapani, dakika tano. Thelathini na moja! Nikapiga picha, nikatuma kwa furaha kabla ya kufikiri. Bi Fusae akapiga simu mwenyewe kuuliza kama nia yangu ni kumchemsha mjukuu wake kama yai. Nikamwambia nitapunguza hita. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hita kabisa, nikajishangaa.

Alhamisi, 9 Februari

Dakika tatu, chini ya shati. Ishirini na moja, barabara kabisa. Nimeshaipata kanuni.

Chizuru amejibu "Asante" tu. Zamani aliweka na kapicha ka sungura mwishoni.

Jumamosi, 11 Februari

Bahati! Duka la vifaa vya watoto karibu na stesheni linafungwa, vitu vinauzwa kwa bei ya kutupa. Nimenunua pakiti kumi na mbili za nepi. Nimezibeba kwa miguu kwenye theluji, safari tatu, maana nauli ya basi ingekula faida yote. Sebule imejaa nepi mpaka dirishani.

Nikampigia Chizuru kumwonyesha. Akaziangalia kwa muda mrefu. Akasema hizo ni za mtoto mchanga wa siku za mwanzo. Nagi sasa ana kilo sita, zimeshampita kitambo. Nikasema labda tukizifunga kwa kulegeza. Ndipo akasema, taratibu, wala hakukasirika:

"Baba Nagi, mtoto hasimami njiani kukusubiri."

Mara ya mwisho nilimwona tarehe tatu Januari, na kichwani mwangu bado ni wa kilo nne. Nilipokata simu nikakaa katikati ya zile pakiti. Nilijisikia mpweke sana. Nimeandika, basi.

Jumapili, 12 Februari

Mwenye akili hatupi kitu! Nepi zina kazi nyingi kuliko watengenezaji wanavyodhani. Mbili kwenye kila ufa wa dirisha. Sita chini ya mlango. Moja moja ndani ya ndara, miguu inashukuru. Na jambo kubwa kuliko yote: nimelivisha nepi bomba zima la jikoni, kuanzia ukutani hadi kwenye beseni, nikafunga kwa gundi zake zenyewe. Kisha nikachomoa ule waya wa umeme wa kupasha bomba lisigande. Unakula umeme usiku na mchana kwa ajili ya bomba moja, na sasa bomba limevaa vizuri kuliko mimi.

Maktaba tena. Bi Tamie kwenye kiti changu. Ana gazeti la juzi, hageuzi ukurasa. Peremende nyingine.

Jumatano, 15 Februari

Bi Tamie amebisha hodi. Anasema Ijumaa baridi itashuka hadi nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, je, nitakumbuka kuondoa maji kwenye bomba yasije yakaganda na kulipasua? Nikamjibu nimeishi hapa Morioka miaka arobaini na moja, nayajua mabomba. Hata hivyo sitaondoa kitu. Ukimwaga maji yaliyomo, yatakayojaa tena utayalipia upya. Wazee hawafikirii haya.

Hakuondoka. Akachungulia nyuma yangu, akauliza mtoto anakuja lini. Nikasema Jumamosi, siku yake ya mia. Na maneno yakanitoka kama mlevi: kwamba nahitaji samaki, changu mzima, kichwa na mkia, maana sherehe haina maana bila changu, na kwamba nitamvizia Ijumaa jioni kule sokoni, wakibandika stika za nusu bei. Nimemwambia hayo mshindani wangu kwa kinywa changu!

Ijumaa, 17 Februari

Asubuhi bomba la jikoni halitoi hata tone. Nimenawa uso kwa theluji ya barazani. Mita ya maji imesimama tuli. Akiba!

Kipimajoto dakika tano, baridi imezidi hata mwili wangu unachelewa. Ishirini. Nimetuma.

Jioni kwa muuza samaki. Changu alikuwa amebaki mmoja, mwekundu, macho yanayong'aa. Stika ilikuwa bado robo saa. Nikasimama mbali kidogo, nikijifanya nasoma maelezo ya mwani. Mara Bi Tamie huyo, na kikapu chake. Akamchukua. Kabla ya stika! Kwa bei kamili! Mwanamke anayekaa maktaba kuota joto la serikali ananunua changu kwa bei kamili, ilimradi mimi nisimpate. Akaniinamia kwa heshima, akaenda zake.

Sikushindwa lakini. Nimepata kichwa cha changu, kile cha kuchemshia supu, na kibua mmoja wa kawaida, vyote vina stika. Nimekata kichwa cha kibua, nikashona cha changu kwa uzi wa meno. Ukisimama mlangoni na taa ikiwa hafifu, ni changu. Kokoto la kugusisha ufizi wa mtoto ili meno yawe magumu nimeliokota mtoni, bure kabisa.

Kesho wanakuja. Nimefagia mara mbili.

Jumamosi, 18 Februari

Ngoja niandike kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili asubuhi nikawasha hita. Mara ya kwanza tangu Oktoba! Saa mbili kipimajoto kikasoma ishirini bila kuguswa na mtu. Nikapiga picha, ya kweli tupu. Haikuwa na tofauti yoyote na zile nyingine, nikasikitika kidogo. Chizuru akajibu wako kwenye treni.

Saa tatu nikasikia mlio jikoni, kama mtu amevunja kijiti. Bomba lilikuwa limepasuka tangu jana kwa barafu, na barafu yenyewe ndiyo iliyokuwa imeziba ufa. Joto likaiyeyusha. Nepi zilijitahidi, lazima niseme ukweli. Zilifyonza na kuvimba mpaka bomba likawa nene kama paja la mcheza mieleka. Zilishika maji kwa dakika kumi. Halafu zikaachia zote kwa pamoja.

Nilipofanikiwa kufunga maji ya nyumba nzima, Bi Tamie alikuwa mlangoni na sufuria kichwani. Dari lake la jikoni linavuja. Nikaanza kuomba radhi, nikiinama mpaka paji likagusa maji. Nikiwa bado nimeinama nikaona viatu vya Chizuru.

Nyuma yake Bi Fusae. Nyuma ya Bi Fusae dereva wa teksi, anashusha mabegi. Begi moja, mawili, matatu. Beseni la kuogea mtoto. Kitanda kidogo, kimekunjwa. Nikayaangalia mabegi yale, nikaelewa. Bi Fusae aliangalia mafuriko, akaangalia bomba na nepi zake, akasema rahisi ghali, mkwe.

Wakanipa Nagi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtoto wa kilo nne, mikono ikashuka ghafla. Alinitazama kwa makini, kama karani anayekagua kitambulisho. Kisha akalia. Hanijui. Nilimwambia mimi ni baba yako, akazidisha.

Sherehe tukafanyia chini, sebuleni kwa Bi Tamie, upande usiovuja. Hita yake ilikuwa inawaka. Na mezani, juu ya sahani kubwa, yule changu, amechomwa kwa chumvi, kichwa na mkia. Bi Tamie akasema alimwona ndiye wa mwisho, akaogopa atawahiwa na mtu, na mtoto akose samaki wa siku yake. Nikamrudisha yule wangu wa kushonwa ndani ya mfuko. Kwa desturi mtoto wa kike hulishwa na mwanamke mkubwa kuliko wote, basi Bi Tamie akampakata, akamgusisha kijiti cha kulia chakula kwenye mdomo: wali, supu, changu, kokoto. Nagi akanyamaza. Bi Tamie akasema nyumba hii haijasikia kilio cha mtoto miaka thelathini, na kwamba tangu Oktoba husikiliza nyayo zangu juu, zikizunguka, zikizunguka. Sikujua kwamba sakafu inasikika pande zote mbili.

Fundi alikuja, akapiga simu zake. Mji mzima umepasukiwa mabomba. Kwetu itakuwa Machi, tena ukuta itabidi ubomolewe. Mtoto hawezi kukaa nyumba isiyo na maji, hilo halikuhitaji kikao. Nikabeba mabegi yale yale kurudi kwenye teksi. Matatu, na beseni, na kitanda.

Mlangoni Chizuru akanifunga skafu yake shingoni.

"Nilijua tangu ile thelathini na moja," akasema. "Nyumba yetu haijawahi kufika huko hata usiku wa joto la Agosti."

Nikauliza basi mbona aliendelea kutaka picha.

"Mtoto alikuwa na joto huko kwa mama yangu. Nilitaka uwashe, upate joto wewe."

Teksi ikaondoka. Nagi alikuwa amelala, nikaona sikio moja dirishani.

Jumapili, 19 Februari

Nyuzi nne. Kimya.

Nimefikiri sana kuhusu jana, na nimepata somo. Miezi minne bila hita, bomba zima. Saa tatu za hita, mafuriko! Nani basi mwenye kosa? Nimeizima. Madumu yamebaki sita na nusu, na ile nusu inaniuma. Machi mtoto akija atayakuta.

Bi Tamie amenigongea kuniita chini kwa uji. Amewasha hita tena. Nikashukuru nikasema nimeshiba. Kisha nikalala kifudifudi sakafuni, sikio chini. Kweli joto linapanda. Kidogo. Nilimsikia akiosha bakuli mbili.

Kipimajoto chini ya skafu ya Chizuru, dakika tatu: ishirini kamili. Nimepiga picha, nimetuma. Bila kuulizwa! Nikaandika: leo nimewasha, nina joto tele.

Jibu limekuja baada ya dakika moja. Anasema kwenye picha kidole gumba changu kinaonekana, kimevaa glavu.

Kesho nitavua glavu.