Hotuba kwa Wazazi wa Amu

Jumamosi, 1 Septemba 1956

Tangazo limebandikwa ukutani sokoni. Nimelisoma mara tatu. "Mkutano wa wazazi wote wa Amu. Kila Jumanne saa tatu asubuhi, nyumbani kwa Bi Hindu mkunga, Langoni. Watoto wachanga watatazamwa. Mashauri ni bure."

Nimeshtuka. Mji huu umelea watoto karne na karne bila tangazo. Leo tunafundishwa kulea na karatasi ya taipu, tena yenye makosa mawili ya herufi.

Nilisimama pale nikaghadhibika kwa muda wa kutosha. Kisha nikaona ambalo wengine hawakuliona. Mkutano una mwenyekiti. Na katika Amu nzima ni mzazi gani aliyesoma kunishinda? Nina kamusi mbili. Nina barua kumi na moja zilizochapwa gazetini Mombasa, zote za kukosoa. Na mzazi ni mimi, tangu miezi mitatu iliyopita, kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka hamsini na moja. Binti yangu ni Umulkheir. Tunamwita Ummu. Mwili mdogo, sauti ya mwadhini.

Baada ya sala ya Alasiri nimetangaza barazani kwamba kiti nitakishika mimi. Mselem mwenye duka, mtu ambaye hajapata kuandika barua hata moja, alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Nikamwuliza kama anakitaka yeye. Akasema hapana, Bwana Fadhil, tangulia wewe, watakupokea vizuri.

Nimefurahi kuona anajua daraja yake.

Jumatatu, 3 Septemba

Hotuba imefika kurasa nane. Mwanamkisi, mke wangu, aliniuliza naandika nini. Nikamwambia ni mambo ya mkutano, hayamhusu. Mamake, Bi Kulthum, akasema kwamba mwanamume akiandika sana nyumbani huwa hana neno la kusema nje. Nikaondoka na kurasa zangu. Nyumba ilikuwa yake, akampa bintiye siku ya harusi kama ilivyo ada yetu, na mimi ndani yake ni mgeni wa miaka minne.

Nimepiga pasi kanzu mwenyewe.

Jumanne, 4 Septemba

Hotuba haikusomwa.

Nilifika Langoni saa tatu kamili. Nilipiga hodi kwa sauti ya mwenyekiti na sikungoja karibu, kwa kuwa mwenyekiti hangojei. Nikaingia. Wanawake thelathini. Wamekaa mikekani, vifua wazi, wananyonyesha.

Katika kamusi zangu zote mbili, mzazi ni baba au mama. Katika mji huu, tangu enzi za mababu, tukisema fulani yu mzazi tunasema ametoka kujifungua. Neno hilo nalijua tangu utotoni. Nililisahau kwa kusoma.

Palizuka mayowe. Bibi mmoja akapaza sauti kutoka pembeni, "Mtoeni nde! Mtoeni nde!" Nje, mimi, mwenyekiti. Kitu kilirushwa kikanipiga shavuni. Winda la mtoto. Bichi. Nikajifunika uso kwa hotuba. Kabla ya hapo jicho langu moja liliona juu ya vichwa vyao uso wa mizani wenye mshale, kama saa. Zaidi sikuona, na naomba ishuhudiwe kwamba zaidi sikuona.

Bi Hindu alinijia polepole, daftari mkononi. Akaniuliza bwana umejifungua lini. Nikasema mimi nina hotuba. Akasema vyema, na maziwa je, yanatoka?

Nilirudi barazani kwa ndia ya nyuma. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Mselem alinipa pole ya mwili. Akauliza kama nimeanza kunywa uji wa pilipili manga, kwa sababu mzazi asiye na uji hupata baridi ya mgongo. Watu saba walicheka.

Nikasimama. Nikawaambia kwamba nimeona kwa macho yangu mizani ya kupimia watoto, kana kwamba ni samli. Nikauliza je, binadamu huuzwa kwa ratili? Je, hatujui kijicho? Hakuna aliyejibu, nami siwezi kuacha swali langu likae bure. Basi nikaapa. Wallahi, mwanangu hatatiwa mizanini.

Watu saba ni mashahidi. Mselem alirudia maneno yangu polepole, ili asiyasahau, alisema.

Alhamisi, 6 Septemba

Barua ya kumi na mbili kwa mhariri: "Juu ya Neno Wazazi na Aibu Itokanayo na Kulifinya." Kurasa tisa.

Nikiwa katika hoja ya nne nilimsikia Bi Kulthum jikoni akimwambia Mwanamkisi: "...mikono ya mwana, na kukonda kule..." Niliingia. Mwanamkisi akaanza kukuna nazi ambayo ilikwisha kukunwa.

Kukonda?

Nimemtazama Ummu. Nilidhani watoto wote ndivyo walivyo. Sijapata kuwa na mwingine wa kulinganisha. Nimemzungushia uzi kifuani, nikafunga fundo. Barua haikuendelea.

Jumapili, 9 Septemba

Nimerudia uzi. Fundo liko palepale. Nimevuta, nimelegeza, palepale. Siku tatu, na mwanangu hajaongezeka hata unene wa uzi.

Natamani kusema mpelekeni kwa Bi Hindu. Neno liko ulimini. Lakini wale saba wanakaa barazani kila siku, na Mselem leo kanisalimu kwa kusema, habari za kiapo.

Mtoto wa jirani ana miezi miwili na mashavu yanamfunika macho. Nimemtazama muda mrefu mno. Mamake akamfunika.

Nimepata hila. Niliapa juu ya mizani ya Bi Hindu. Moyoni ndiyo niliyoikusudia, na nia ni ya moyo. Mizani ya dukani ni mizani nyingine. Nitampima mwenyewe, nitajua, na hakuna atakayejua kwamba nimejua.

Jumatatu, 10 Septemba

Naiandika shajara hii kama mtu anayeandika wasia.

Nilimwambia Mwanamkisi nampeleka mtoto nje akapate hewa. Nikamlaza katika kikapu cha tende, nikamfunika leso. Njiani alilala. Dukani kwa Mselem walikuwapo wateja watatu. Nikasema nimeletewa tende kutoka kwa jamaa na nataka kujua uzito wake. Mselem akasema anaona tende zimevishwa leso mpya. Nikasema ni tende za daraja ya juu.

Akaziweka mizanini. Akaongeza mawe, akapunguza. Ratili tisa, pamoja na kikapu.

Hapo kikapu kikapiga chafya.

Mselem alisema tende hizi zimeshikwa na mafua. Wateja wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama zina kokwa. Nikakinyakua kikapu, lakini Mselem alikuwa amekwisha kufunua leso.

Akaacha kucheka. Ana watoto saba. Alimtoa Ummu kwa mikono miwili, akamtazama, akaitazama mizani, akanitazama mimi. Kisha akaniinamia sikioni asisikike na wengine. Huyu ni mwepesi, Bwana Fadhil. Miezi mitatu, ratili tisa, na kikapu ndani yake. Mpeleke kwa Bi Hindu. Kiapo kina kafara, mwana hana.

Nikamshukuru Mselem. Mimi.

Nilirudi nimemkumbatia kifuani, kikapu nimekisahau dukani. Watu walinisalimu, sikumwona mtu. Nilihesabu pumzi zake tangu dukani mpaka mlangoni.

Jumanne, 11 Septemba

Asubuhi nilimwendea Mwanamkisi. Nilimkuta anavaa buibui. Nikamwambia mchukue mtoto, mpeleke kwa Bi Hindu, nenda hata mbio, dhambi ya kiapo ni yangu. Nikamwambia tunampoteza.

Mwanamkisi akainama kitandani. Akainua godoro. Akatoa kadi.

Jina: Umulkheir Fadhil. Jumanne ya kwanza, ratili saba. Ya pili, saba na nusu. Mstari unapanda chini ya kidole changu. Jumanne sita! Mwanangu alikonda kweli, wiki ya sita tangu kuzaliwa, kabla ya kadi hii, Mwanamkisi alipoumwa titi na maziwa yakapungua. Alikuwa akilia naye mchana mimi nikiwa barazani. Bi Hindu alimkanda, alimfundisha kumnyonyesha kila mara, alimwamuru Bi Kulthum ampe samaki na mchuzi na si uji mtupu. Hilo ndilo "kukonda kule". Kulikwisha zamani.

Nikauliza mbona hukuniambia. Akasema, "Ningekuambia ungeandika."

Nikauliza je, kiapo? Akasema kiapo chako hakijaguswa, bwana. Wewe ulisema hatatiwa mizanini. Hatiwi. Mizani ya Bi Hindu ina kulabu, imening'inizwa kwenye boriti. Mtoto hufungwa katika leso akatundikwa. Kutundikwa hukukutaja.

Mimi, mwenye kamusi mbili.

Nikakumbuka jambo. Jumanne sita, nikahesabu. Basi Jumanne iliyopita mlikuwa wapi? Mwanamkisi akaangalia dari. Bi Kulthum akajibu kutoka ukumbini kwamba walikuwa pembeni, mkeka wa tatu. Na winda lile lilikuwa la Ummu. Na mkono ulikuwa wake yeye, na angelikuwa na jingine ningelipata jingine.

Nilikwenda nao mpaka mlangoni kwa Bi Hindu, nikangoja nje, mgongo ukutani, macho chini. Walipotoka: ratili kumi na moja na nusu, bila kikapu.

Basi mizani ya Mselem inakula ratili mbili na zaidi. Ni ya marehemu babake, ameiamini maisha yake yote, ndiyo maana jana uso wake ulisawijika. Lakini wauza samli, ambao yeye hununua kwao kwa mizani hiyo, hawakujali aliamini nini. Kufika Alasiri walikuwa wamesimama mlangoni kwake kwa safu, kila mmoja na kopo lake, wanataka kupimiwa upya kwa Bi Hindu. Bi Hindu amekataa. Amesema hapimi kisichonyonya.

Ningelicheka zaidi. Lakini Bi Kulthum amenikumbusha kwamba katika nyumba hii aliyemtia Ummu mizanini ni mtu mmoja tu, tena katika kikapu cha tende. Kafara ya kulisha maskini kumi siwezi. Kesho naanza kufunga siku tatu.

Ijumaa, 14 Septemba

Siku ya tatu. Uzi: nimegundua kwamba mara ya kwanza niliufunga juu ya nguo mbili na mara ya pili juu ya moja. Sikumwambia mtu. Ummu amenishika kidole akakinyonya. Nimekaa hivyo mpaka adhana ya Magharibi, kwa kuwa sikutaka kukivuta.

Jumamosi, 15 Septemba

Tangazo jipya ukutani sokoni, kwa herufi safi safari hii. "Mkutano wa walezi wote. Jumatatu, saa tatu asubuhi, nyumbani kwa Bi Hindu."

Walezi. Mayaya watatu walikuwa wakilisoma pamoja nami, sijui kwa nini. Nimefungua kamusi zote mbili, sikutaka kurudia makosa. Mlezi ni mwenye kulea, kutunza, kuongoza. Hakuna shaka: ni akina baba. Bi Hindu ametambua kosa lake na hii ndiyo namna yake ya kuomba radhi. Kurasa kumi na nne nimekwisha kuziandika. Kanzu naipiga pasi kesho.

Nimemwuliza Mselem kama atakuja. Akasema bado anahangaika na mizani, tangulia wewe Bwana Fadhil, watakupokea vizuri. Taabu imemfunza adabu.

Nikaapa mbele ya wale saba. Wallahi, Jumatatu sitoki nyumba ile bila ya kuwa mwenyekiti.

Niliporudi nilimkuta Bi Kulthum, aliyekwisha kusikia kiapo, akimwagiza Mwanamkisi asinipikie chakula cha mchana Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Sikuelewa sababu.