Injini ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe ametangaza. Mgongo umemkataa, anastaafu. Karakana ataachiwa mkwe atakayeiwasha injini ya ndege ya kale iliyofungwa kwenye kigari kule nyuma. Silinda saba zimepangwa duara, haina maji, hupozwa na upepo tu. Siku ni Ijumaa. Ama mimi, ama mwanyumba wangu, yule aliyeoa dada wa mke wangu. Miaka kumi na moja nimefagia vumbi la chuma humu! Nikikosa, atakuwa bosi wangu. Afadhali nife.

Jumanne, 4 Machi
Mwanyumba ameizungusha rafadha, ile pangaboi ya mbele, kwa mkono asubuhi nzima. Anadai oili hushuka ikajaa silinda za chini; ukiwasha bila kuitoa, injini inavunjika. Kujionyesha tu! Alipokwenda kunywa chai nilichomoa plagi mbili, nikazitia mfukoni. Akili ni mali.

Adhuhuri nikapita. Plagi ziko mahali pake, zimekazwa. Mfukoni mwangu hamna kitu ila oili. Ya moto.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango mpya. Nimefyonza petroli yote kwa mpira. Nimemeza funda moja. Tangi kavu!

Nikaegemea silinda kupumzika. Ina joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa, na haijawashwa tangu kabla sijazaliwa. Nimeogopa, sifichi. Nilimwuliza baba mkwe nani alikuwa akiitunza. Alisema ni fundi wake wa kwanza. Siku moja aliingia karakana, hakuonekana tena. Nikauliza walimtafuta wapi. Akasema chai inapoa.

Ijumaa, 7 Machi
Mwanyumba ametangulia. Akazungusha, akawasha. Kimya! Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikakumbuka kwamba tangi langu ni lilelile.

Nikashika rafadha ili nisiaibike. Kabla sijasukuma, ikaniponyoka mkononi. Ikanguruma! Bila petroli, bila moshi. Mwanyumba alitimua mbio, kofia kaiacha. Baba mkwe alinipa funguo, akasema imenichagua, niistahi. Akatoka haraka kuliko mgongo wake unavyoruhusu. Mke wangu alilia nje, akinisihi nitupe funguo twende nyumbani. Nilimjibu kwamba mshindi hakimbii.

Jumamosi, 8 Machi
Karakana yangu! Mimi bosi!

Injini haijazimika tangu jana. Swichi nimeibonyeza mara sita. Kigari kimesogea chenyewe hadi mezani kwangu. Jambo la ajabu: upepo wa rafadha ungepaswa kunisukuma, lakini unanivuta. Kalamu naishika kwa mikono miwili.

Haidhuru. Injini isiyonywa petroli! Kesho naweka kibao, watu walipe kiingilio. Mwanyumba yuko dirishani, anapiga kioo kwa ngumi, anapiga kelele nitoke. Wivu huo! Nimefunga mlango kwa ndani.